EDWARD STEERE: MAISHA YA MJITOLEAJI KATI YA UNGUJA NA MASASI

Ni wanafunzi wachache wa Kiswahili wasiomjua Mwalimu Goso, yule aliyewafundisha watoto chini ya mbuyu hadi siku buyu lilipomwangukia akafa, nao wanafunzi wake wakamsaka muuaji kutoka kwa upepo hadi kwa ukuta, kutoka kwa panya hadi kwa paka, mpaka wakamfikia kiumbe aliyekosa la kujitetea. Hadithi hiyo imesimuliwa madarasani kwa vizazi. Hata hivyo, ni wachache wanaokumbuka kwamba iliingia kitabuni mwaka wa 1870 kwa mkono wa kasisi wa Kiingereza ambaye hakulipwa mshahara kwa kazi hiyo, na wachache zaidi wanaojua kwamba kasisi huyo huyo aliwahi kutembea kutoka Lindi hadi Masasi akiwa na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakatafute mahali pa kulima, kujenga na kuishi.

Makala haya yanaangazia maisha ya Edward Steere (1828–1882). Katika vitabu vya historia ya Kiswahili jina lake hutajwa kwa sentensi moja au mbili, aghalabu sambamba na la Ludwig Krapf, kisha msomaji akasonga mbele kwenye usanifishaji. Tunakusudia kukaa naye kidogo zaidi. Tutamtazama kama mtu wa imani aliyejitolea pamoja na wenzake kubadilisha hali ya jamii ya mashambani, na tutauliza kazi hiyo ilimfaa nani, ilimgharimu nani, na sisi tunaosoma na kufundisha Kiswahili tunadaiwa nini, tena na nani.

Wakili aliyeacha mahakama

Steere alizaliwa jijini London tarehe 4 Mei 1828. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha London, akafikia shahada ya uzamifu katika taaluma hiyo, na mwaka wa 1850 akakubaliwa rasmi kuwa wakili. Njia ya mali na heshima ilikuwa wazi mbele yake. Hata hivyo, moyo wake haukutulia mahakamani. Alivutiwa na vyama vya walei waliotoa muda wao bila malipo kuwahudumia maskini na wagonjwa, na katika mji wa Tamworth alijaribu kuanzisha udugu wa aina hiyo. Udugu wenyewe haukudumu, lakini wazo lililouzaa halikumtoka: kwamba imani isiyoshika jembe, kalamu au mkono wa mgonjwa ni maneno matupu.

Mwaka wa 1856 alipewa ushemasi katika Kanisa la Uingereza, na mwaka wa 1858 akawa kasisi. Mwaka huo huo alimwoa Mary Beatrice Brown. Alihudumu katika jimbo la Lincolnshire, kwanza Skegness, mji wa pwani uliokuwa mdogo wakati huo, kisha katika kijiji cha Little Steeping. Kwa hivyo kabla ya kuiona Afrika alikuwa amekwisha kuzoea maisha ya parokia za mashambani na watu wa kipato kidogo. Jirani yake katika eneo hilo alikuwa kasisi William George Tozer, na urafiki wao ndio uliogeuza mkondo wa maisha yake.

Kutoka Morambala hadi Unguja

Ikumbukwe kuwa mwishoni mwa mwaka wa 1857 David Livingstone alihutubia Chuo Kikuu cha Cambridge akiwasihi vijana wasomi waende Afrika. Kutokana na wito huo pakaundwa misheni iliyokuja kujulikana kama Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, maarufu kwa jina la UMCA. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alifariki kwa homa kando ya mto Shire mnamo Januari 1862, na kadhaa kati ya wenziwe wakafa pia. Tozer alipoteuliwa kuchukua nafasi hiyo, Steere alijitolea kumsindikiza. Alikusudia kukaa miaka miwili tu. Alimwacha mkewe Uingereza akasafiri, naye akaishia kutumia karibu maisha yote yaliyosalia katika kazi hiyo.

Utaratibu wa misheni hii unastahili kuelezwa kwa sababu ndio unaotupa haki ya kuwaita watu wake wajitoleaji. Waliotumwa hawakupewa mshahara. Walipata malazi, chakula na posho ndogo ya mavazi na mahitaji madogo madogo. Askofu na fundi seremala waliishi chini ya kanuni moja. Wengi walikuja wakijua kuwa homa za pwani zingeweza kuwaua kabla ya mwaka kwisha, na kweli wengi ziliwaua.

Tozer na Steere walijaribu kwanza kukaa kwenye mlima Morambala, karibu na mto Shire. Mahali hapo palikuwa na baridi, ukungu na upweke, na watu wa kufundishwa walikuwa haba. Mnamo mwaka wa 1864 Tozer aliamua kuhamia Unguja. Uamuzi huo ulilaumiwa na wengi, Livingstone akiwa miongoni mwao, kwa kuwa ulionekana kama kukimbia bara. Hata hivyo, ulikuwa na mantiki yake. Unguja ndiko kulikokuwa na bandari, soko, njia zote za misafara na, la muhimu kwetu, lugha iliyokuwa ikisafiri na misafara hiyo hadi maziwa makuu.

Sultani Majid aliwapa wageni hawa wavulana watano waliokuwa wametolewa kwenye jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza. Mmoja wao, aliyebatizwa kwa jina la John Swedi, alikuja kupewa daraja la ushemasi mwaka wa 1879. Shule ya wavulana ilijengwa Kiungani, na baadaye shamba likanunuliwa Mbweni ili watu wazima waliokombolewa na manowari za Uingereza wapate mahali pa kuishi na kulima. Wasichana nao walifundishwa, kwanza na dada yake Tozer, Helen, aliyejitolea vilevile.

Matbaa, masheikh na hadithi

Steere alijikuta katika mji asioujua lugha yake. Badala ya kungoja mkalimani, alianza kujifunza kwa kusikiliza. Aliandika neno alilolisikia, akalijaribu kwa msemaji mwingine, akalirekebisha, kisha akalipeleka kwenye matbaa. Misheni ilikuwa na mtambo mdogo wa kuchapishia, na Steere mwenyewe alijua kupanga herufi. Aliwafundisha wavulana wa Kiungani kazi hiyo, wakawa wanapanga na kuchapa kurasa za lugha yao wenyewe, au tuseme lugha waliyokuwa wameipata Unguja, maana wengi wao walizaliwa wakisema Kiyao, Kinyasa au Kimakua. Huenda hawa ndio wachapaji wa kwanza wa Kiswahili tunaoweza kuwataja kama kundi, ingawa majina ya wengi wao hayakuhifadhiwa.

Mnamo mwaka wa 1867 matbaa hiyo ilitoa kijitabu kiitwacho Hadithi za Kiingereza, kilichotokana na masimulizi mepesi ya tamthilia za Shakespeare yaliyoandikwa na Charles na Mary Lamb. Kwa hivyo, karibu karne nzima kabla ya Julius Nyerere kutafsiri tamthilia za Shakespeare, visa vya mwandishi huyo vilikuwa vimekwisha kusomwa kwa Kiswahili na vijana waliotoka utumwani. Mwaka huo huo Steere alichapisha mkusanyo wa msamiati na sarufi ya Kishambaa. Baadaye alifanya hivyo kwa Kiyao, Kinyamwezi na Kimakonde. Fauka ya hayo, alirejea Uingereza mwaka wa 1868 akiwa na miswada mikononi, na mwaka wa 1870 akatoa vitabu viwili vilivyomjengea jina: kitabu cha sarufi na msamiati wa Kiswahili kama kilivyosemwa Unguja, na mkusanyo wa hadithi uitwao Swahili Tales.

Hapa ndipo tunapofikia jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili. Tunapozungumzia kujitolea kwa misheni tunawafikiria Wazungu walioacha makwao. Lakini Steere mwenyewe alikiri katika dibaji ya mkusanyo wake kwamba alisaidiwa na wenyeji waliompa elimu yao kwa hiari. Sheikh Abdul Aziz, msomi wa mji, alijitolea kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu hadi Kiswahili fasaha. Steere aliona Kiswahili hicho kimekuwa cha kitaalamu mno kwa mahitaji ya shule zake, lakini alijifunza mengi kutoka kwacho. Sheikh Mohammed bin Ali alimpatia nakala safi ya shairi la Liongo. Msimulizi kijana, Hamisi wa Kayi, alimsimulia baadhi ya hadithi zilizoingia kitabuni. Hawa walikuwa Waislamu. Hawakuwa na haja ya kuiendeleza dini ya mgeni, na bila shaka walijua alichokuja kukifanya. Walimpa walichompa kwa ukarimu wa mwanachuoni anayefurahia kuona mtu akiitafuta elimu kwa bidii.

Kwa hivyo mkusanyo wa mwaka wa 1870 ulikuwa zao la kujitolea kwa pande mbili. Jina lililopigwa chapa kwenye jalada ni moja tu. Si kwamba Steere aliwaficha wasaidizi wake, kwani aliwashukuru. Sisi wasomaji wa baadaye ndio tulioacha kuisoma dibaji.

Kanisa juu ya soko

Steere alirudi Unguja mwaka wa 1872, naye hakuwa amekaa sana kabla ya kimbunga cha Aprili mwaka huo kukivuruga kisiwa. Mikarafuu na minazi iling'olewa, majahazi yakazama bandarini, na majengo ya misheni yakaharibiwa. Tozer alikuwa mgonjwa, akajiuzulu mwaka wa 1873. Kazi nzima ikabaki mabegani mwa Steere, ambaye hakuwa na cheo cha kuifanya. Agosti 1874 aliwekwa wakfu kuwa askofu.

Kati ya mambo hayo mawili kulitokea tukio kubwa zaidi. Mnamo Juni 1873 Sultani Barghash, kwa shinikizo la Uingereza, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko yao. Soko la Mkunazini likabaki uwanja mtupu. Mmoja wa makasisi wa misheni, Arthur West, alinunua sehemu ya kiwanja hicho, na mfanyabiashara Mhindi, Jairam Senji, akatoa sehemu nyingine bila malipo. Siku ya Krismasi ya mwaka huo jiwe la msingi la kanisa liliwekwa mahali hapo. Ujenzi ulichukua miaka. Steere aliusimamia mwenyewe, akatumia mawe ya matumbawe na chokaa ya kisiwani, na paa akalijenga kwa umbo la kuba refu, jambo lililowafanya watazamaji wengi kubashiri kwamba lingeporomoka. Halikuporomoka. Ibada ya kwanza ndani yake ilifanyika Krismasi ya mwaka wa 1879, na jengo lenyewe lingali limesimama Mkunazini.

Masasi: kijiji cha waliorudi nusu ya njia

Pamoja na hayo, kufungwa kwa soko hakukuwapa waliokombolewa makao. Mbweni ilikuwa ikijaa. Mtu aliyeletwa Unguja kwa mnyororo kutoka nchi ya Wayao au kando ya ziwa Nyasa alikuwa huru kisheria, lakini hakuwa na ukoo, shamba wala kaburi la babu yake. Wengine walitaka kurudi makwao. Suala hili halikuwa la Unguja peke yake. Huku kwetu, misheni nyingine ya Kianglikana, CMS, ilianzisha kijiji cha Frere Town karibu na Mombasa mwaka wa 1875 kwa sababu iyo hiyo.

Steere alikwenda kwanza kuitazama njia. Mwaka wa 1875 aliondoka Lindi kwa miguu hadi Mwembe, mji wa Mataka, mfalme wa Wayao, safari ya mamia ya maili kwenda na kurudi. Njiani alikutana na misafara ya watumwa ikielekea pwani, kwani marufuku ya baharini ilikuwa haijaikomesha biashara ya nchi kavu. Mataka alimpokea vyema. Steere alirudi akiamini kwamba kijiji cha watu huru kilichowekwa juu ya njia hiyo hiyo kingekuwa hoja yenye nguvu kuliko mahubiri.

Oktoba 1876 alianza safari nyingine kutoka Unguja kupitia Lindi. Safari hii aliandamana na zaidi ya watu 50 waliokombolewa, wanaume kwa wanawake, waliokuwa wamejifunza kilimo, ujenzi na kusoma kule Mbweni. Kijana William Percival Johnson, aliyekuwa ametoka chuoni karibuni, alikuwa pamoja nao. Lengo la awali lilikuwa kufika nchi za karibu na ziwa. Lakini walipofika Masasi, penye majabali makubwa, maji na ardhi nzuri, na walipojikuta kati ya Wayao na Wamakua ambao lugha zao baadhi yao walizielewa, waliona wamefika. Steere alikuwa na busara ya kuwasikiliza. Kijiji hakikuwekwa mahali palipochorwa London, bali pale wenyewe waliposimama.

Kazi iliyofanyika Masasi ilikuwa ya kawaida kabisa, na thamani yake imo humo humo. Vichaka vilifyekwa, viwanja vikapimwa na kila kaya ikapewa chake. Nyumba zilijengwa kwa miti na udongo. Mashamba yalilimwa kabla ya mvua. Shule ilifunguliwa, na Kiswahili kikawa lugha ya kuwakutanisha watu waliokuwa wametekwa kutoka makabila mbalimbali. Baada ya muda mfupi Steere aliugua akalazimika kurudi pwani, akamwachia Johnson usimamizi. Mwaka wa 1877 alifika Chauncy Maples, rafiki wa Johnson tangu chuoni, naye akaongoza kazi hiyo kwa miaka kadhaa. Kutoka Masasi misheni ilifungua kituo cha Newala mwaka wa 1878.

Tusiipambe picha hii kupita kiasi. Kijiji kilikuwa na tatizo la mamlaka tangu mwanzo. Wakazi hawakuwa na mtemi wao, wakamtazama kasisi kama mkuu wao. Wizi ulipotokea au ndoa ilipovunjika, kesi ililetwa kwake, na kasisi aliyekuja kuhudumu akajikuta akihukumu. Jamii za jirani nazo zilikuwa na viongozi wake na mila zake, na haikuwa wazi kwao iwapo wageni hawa walikuwa majirani au utawala mpya. Aidha, kijiji cha watu wenye nguo za dukani na ghala la vitu, kisicho na askari, kilionekana kutoka mbali.

Septemba 1882

Katika miaka yake ya mwisho Steere aligawa nguvu zake kati ya uaskofu, ujenzi na tafsiri. Alikuwa amekamilisha kutafsiri Agano Jipya, na alikuwa akiendelea na sehemu za Agano la Kale, akitumia Kiswahili cha Unguja kilichorahisishwa ili mtu wa Masasi na wa Bonde wakielewe. Alikwenda Uingereza kwa matibabu mwaka wa 1882, akarudi Unguja mwezi wa Agosti akiwa bado dhaifu. Tarehe 27 mwezi huo alifariki usingizini. Alikuwa na umri wa miaka 54. Alizikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa la Mkunazini, mahali palipokuwa soko. Mkewe alifariki mwaka uliofuata.

Hazikupita wiki tatu baada ya mazishi hayo, mashujaa wa Kingoni, waliojulikana wakati huo kama Magwangwara, wakaivamia Masasi. Wakazi wengine waliuawa, wengine wakatekwa, na kijiji kikachomwa. Watu waliotolewa katika minyororo ya pwani walijikuta tena wakiongozwa kama mateka kuelekea bara. Kasisi Porter, aliyekuwa msimamizi wakati huo, aliwafuata watekaji hadi kwao kwenda kuwakomboa. Si wote waliorudi.

Msiba huu ni kipimo cha kweli cha kazi ya Steere. Kama thamani ya Masasi ingekuwa majengo yake, ingeishia katika majivu ya mwaka wa 1882. Misheni ilihamishia nguvu zake Newala na vijiji vya jirani kwa muda, kisha Masasi ikakaliwa tena. Mwaka wa 1905, wakati wa vita vya Maji Maji, ilichomwa mara ya pili, ikajengwa mara ya pili. Mnamo 1926 ikawa makao ya dayosisi. Katika kipindi hicho vijana waliopitia Kiungani walikuwa wamekwisha kushika hatamu za vijiji na shule. Cecil Majaliwa, Myao aliyeokolewa utumwani akiwa mtoto, alipewa daraja la ukasisi mwaka wa 1890, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni hiyo, na alihudumu katika nchi ya mto Ruvuma akiwa peke yake bila Mzungu wa kumsimamia. Maisha ya kijiji yaliendelea kwa sababu yalikuwa yamekabidhiwa wenyewe.

Mgala muue na haki umpe

Tathmini ya maisha haya haina budi kuwa ya haki kwa pande zote. Steere alikuja kubadilisha dini za watu, wala hakulificha lengo hilo. Kiswahili kwake kilikuwa chombo kabla ya kuwa sanaa, na alikisafisha kwa kipimo cha mahitaji ya shule na kanisa, akaacha utajiri mwingi wa maandishi ya Kiajami ambao masheikh waliomsaidia waliumiliki. Kukubaliwa kwa hati za Kirumi katika vitabu vya misheni kulichangia kuisukuma pembeni hati ambayo washairi wa pwani walikuwa wameitumia kwa karne kadhaa.

Jambo jingine linatugusa moja kwa moja sisi wa Kenya. Krapf aliishi Mombasa na Rabai, akaandika Kiswahili alichokisikia huko. W. E. Taylor, aliyemfuata, alikitetea Kimvita kuwa lugha ya ufasaha na ya ushairi. Steere aliandika Kiunguja. Mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 ulipochagua lahaja ya kusanifishwa, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka wa 1930, Kiunguja kilishinda. Zipo sababu nyingi za ushindi huo, ikiwemo kuenea kwa Kiunguja barani kupitia misafara. Lakini haiwezi kukanushwa kwamba kilikuwa na akiba ya vitabu, na sehemu kubwa ya akiba hiyo ilitoka katika matbaa ya Steere. Kila mwanafunzi wa Mombasa au Lamu aliyewahi kusahihishwa darasani kwa kusema lugha ya mamaye anaguswa na kazi iliyoanzia kwenye chumba hicho cha uchapaji.

Hata hivyo, tukimpa haki yake, mambo matatu yanasimama. Kwanza, alisikiliza kabla ya kuandika, na hadithi alizozihifadhi hazikugeuzwa kuwa mahubiri. Goso alibaki Goso. Pili, aliishi kwa kanuni aliyowatakia wengine, akafa bila mali. Tatu, aliwafundisha watu waliochukuliwa kama bidhaa kupanga herufi, kulima viwanja vyao na kuongoza ibada zao, hata wakaweza kuendelea baada yake.

Hitimisho

Maisha ya Edward Steere yanamfundisha msomi wa Kiswahili kwamba lugha yetu haikujengwa katika kamati peke yake. Ilijengwa pia na watu waliotoa bila kulipwa: kasisi aliyeacha uwakili, sheikh aliyetafsiri Zaburi za dini isiyokuwa yake, mfanyabiashara Mhindi aliyetoa kiwanja, wavulana walioshika herufi za risasi kwa vidole vilivyokuwa vimeshikishwa kamba, na wanawake na wanaume wa Masasi waliolima upya juu ya majivu. Baadhi yao tunawajua kwa majina, wengi hatuwajui.

Ipo kazi inayotungoja hapa. Mkusanyo wa mwaka wa 1870 bado haujasomwa vya kutosha kama fasihi yenye wasimulizi wake, kila mmoja na mtindo wake, msamiati wake na ucheshi wake. Tukiisoma upya dibaji, tukawatenganisha wasimulizi hao na kuwarudishia sauti zao, tutakuwa tumelipa sehemu ya deni. Tasnifu moja au mbili zingetosha kuanzia.